Kichaka Kilichotikisika

Juzi, njiani Kikwe, nilimwona mama mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Kwa nyuma yalionekana majani tu, yanatembea. Hapo ndipo nilipokielewa kichaka cha alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile shangazi alikuwa na bunduki na kibali chake cha kuwinda. Mimi nilibeba kwale wawili, bado wana joto, wananuka baruti. Wa tatu akatokea mbele ya kichaka. Shangazi akalenga. Kichaka kikatikisika, kikasogea. Akashusha mtutu.

“Piga, shangazi!”

“Nyamaza!”

Kwenye gari, wawindaji wenzake, wote wanaume, waliposikia hakupiga, walicheka. “Mwanamke na bunduki wapi na wapi! Kaogopa mlio!”

Shangazi akatoa risasi kwenye bunduki. Nami, nikidhani kweli ameogopa mlio, nikacheka nao.