Harufu Iliyotoka Kwenye Oveni Yetu

“Nyie mnachoma maiti humo ndani?”

Huyo ni Bi Hilwa, jirani yetu wa mlango wa pili hapa Discovery Gardens. Mzanzibari, yuko Dubai tangu mimi sijazaliwa. Kasimama mlangoni kwetu, kaziba pua kwa mtandio, simu mkononi.

“Ni mboga tu, Bi Hilwa!”

“Mboga gani inanuka miguu? Wallahi nampigia natur.”

Hapo nikafyata mkia.

Natur ni mlinzi wa jengo. Akiingia kwetu atakuta watu tisa kwenye flati ya chumba kimoja, tumegawanywa kwa mapazia. Kujazana hivyo ni marufuku huku; siku hiyohiyo tungekuwa nje na mabegi yetu.

“Nipe dakika tano, mama yangu. Tano tu!”

Mimi naitwa Edna, nafanya usafi kwa madam mmoja Al Twar. Kwake ndiko nilikoona mboga za kuoka. Unakata karoti, biringani, boga na kitunguu vipande vikubwa, unavipaka mafuta ya zeituni na chumvi, unasukuma kwenye oveni iliyokwisha kupata moto. Khalas, basi. Nikaapa Jumapili hii lazima wenzangu wazionje.

Shida ni kwamba oveni yetu haijawahi kuoka kitu. Ni kabati la sufuria. Nikatoa sufuria, nikawasha, nikarudi kukata biringani. Kuinama niangalie kule chini kabisa? Wapi!

Sasa nikabana pumzi, nikafungua mlango wa oveni.

Aki, watu wangu.

Buti. Buti mbili nyeusi za kazi. Soli imeyeyuka inadondoka kama lami, soksi imekaukia ndani kama omena, na ule mvuke… jasho la miguu la wiki nzima, limechemka, likaniingia mdomoni. Mdomoni!

Nikatapika kwenye sinki palepale.

“NAFTALI!”

Naftali ni mlinzi wa usiku kwenye hoteli moja Al Rigga, mpole kuliko sisi wote. Akatoka nyuma ya pazia lake na usingizi machoni. Kuona buti zake, akashika kichwa.

“Wewe ni mnyama? Viatu kwenye oveni!”

“Sasa Edna, ningeweka wapi? Si wewe ulibandika karatasi? Viatu marufuku koridoni. Marufuku chumbani. Marufuku balkoni. Oveni hukuandika.”

Wee! Kweli kabisa. Mwandiko wangu, kalamu nyekundu.

“Nilibandika kwa sababu Bi Hilwa alisema viatu vyetu vya mlangoni vinamtia kichefuchefu!”

Tukageuka wote wawili. Bi Hilwa bado yuko pale mlangoni, kidole juu ya simu.

Akazitazama zile buti. Akanitazama mimi, matapishi kidevuni. Akamtazama Naftali, yuko peku. Simu ikaingia mfukoni taratibu.

“Astaghfirullah. Kumbe mimi ndiye niliyezipeleka humo,” akasema. “Kesho nitawapa kabati la viatu, liwekeni hapa baina ya milango yetu. Na hiyo trei ya mboga, yalla, ilete kwangu. Oveni yangu safi.”

Nusu saa baadaye, kwa Bi Hilwa, karoti zimebabuka kingo, boga limelainika tamu, watu wanalamba vidole. Mimi? Kila nikiinua uma naiona ile soksi. Mpaka leo biringani siigusi.

Wewe unayeishi nyumba ya kubanana kama mimi, shika hili: oveni ya watu wengi usiiwashe kabla hujainama. Na ukimkataza mtu pa kuweka kitu chake, mwonyeshe pa kukiweka. La sivyo utakuja kukila.

Siku ile, wenzake wakila, Naftali alikuwa bado koridoni, haya imemjaa. Bi Hilwa akachungulia nje.

“Mwanangu, mbona umesimama kama unalinda benki? Pita bafuni, kaoshe miguu kwa sabuni, mara mbili, kisha njoo ule.”