Mvinyo wa Warumi na Senene wa Mae

Mama yangu, ambaye kwa Kihaya tunamwita Mae, alikataa chakula siku nne mfululizo. Malaria ilikuwa imeshapona, lakini alisema mdomo wote mchungu. Nilikuwa nimemtoa kijijini Muleba nikamleta kwangu mjini, Hamugembe, nimtazame kwa karibu, nikapika kila nilichojua: ndizi na maharage, uji wa ulezi, supu ya sato. Vyote alivisukuma. Muuguzi akaniambia asipokula mpaka kesho, itabidi alazwe. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nagomba.

"Mae, unataka kunifia kwenye kochi?"

"Kochi lenyewe gumu," akajibu.

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na mchana ule jirani alituletea ndoo nzima. Tukakaa barazani tukiwanyonyoa mabawa na miguu. Hata katika ugonjwa wake, vidole vya Mae vilikuwa vinaniacha mbali. Lakini kuwala, thubutu! Zamani kwetu senene walikuwa chakula cha mume. Mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mwenye nyumba sebuleni, basi, kazi yake ikaishia hapo; kuwala ulikuwa mwiko kwake. Mimi binti yake nilianza kuwala chuoni, kwa kumficha Tata, yaani baba yangu. Mae, hata miaka kadhaa baada ya kumzika Tata, akikaribishwa alikuwa bado anasema, "Mimi situmii."

Nilipomaliza kukaanga, Mae alikuwa amerudi kwenye kochi; niliweka bakuli kati yetu, harufu ikajaa nyumba nzima. Hakugusa. Nikashika kitabu changu, maana nafundisha historia sekondari ya Kahororo na kesho yake nilikuwa na kipindi cha Warumi wa kale. Kwa hasira tu nikaanza kumsimulia.

"Sikiliza habari za wenzako. Warumi wa kale waliwakataza wanawake mvinyo. Ndugu wa kiume walikuwa wakimbusu mwanamke mdomoni kila wakikutana naye, wapate kunusa kama amekunywa."

Mae akanyanyua kichwa. "Wanaume wazima na akili zao?"

"Wazima. Mume, baba, hata binamu."

"Mh! Na wale wanawake wakakubali?"

"Hakuna anayejua. Walioandika ni wanaume."

Akacheka. Ee waitu, alicheka mpaka akakohoa, mara ya kwanza tangu augue. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Wajinga wanawake hao. Si mtu unatafuna jani la mpera, harufu yote inakwisha?"

Nikafunga kitabu. "Mae, hayo ya jani la mpera umeyajulia wapi?"

"Kwani chumvi ya senene nilikuwa naionja kwa macho?"

Jamani! Nikaukumbuka mpera uliokuwa nyuma ya jiko letu, na Mae anavyotafuna majani yake kila msimu wa senene, anatuambia ni dawa ya jino. Jino hilo tulimwonea huruma utoto wetu wote. Dada yangu alikuwa analiombea kabisa kanisani.

"Na Tata hakujua?"

Akalitazama bakuli. Nikadhani nimemuudhi.

"Baba yako alikuwa hamalizi," akasema taratibu. "Anakula nusu, halafu anairudisha sahani jikoni mwenyewe, hatumi mtoto. Mwanamume wa siku zile, kuingia jikoni! Anaiweka pale karibu na mafiga, anasema, 'Waliobaki wape kuku.' Kisha anatoka, anaurudishia mlango."

Nikaipitia nyumba yetu ya Muleba kichwani, pembe moja baada ya nyingine. Kulikuwa na ng'ombe mmoja, mbuzi wawili, na paka asiye na shukrani.

"Mae, mbona sisi hatukuwahi kufuga kuku?"

"Hata mmoja," akasema.

Akalivuta bakuli. Alianza na senene mmoja, akamtafuna kwa muda mrefu amefumba macho. Akachukua wa pili. Kisha akajiweka sawa kwenye kochi lile gumu, akaliweka bakuli mapajani, akala hasa, mlango wa mbele uko wazi na jirani anapita akitusalimia. Mimi nilijifanya nasoma habari za Warumi, kumbe machozi yananitoka kwa furaha, sioni hata mstari mmoja.

Walipobaki kama kiganja kimoja, akanisukumia bakuli.

"Haya. Waliobaki wape kuku."

Nikawala wote.