Ekari Tulizolipwa Kabla ya Kuzilima

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopewa kazi ya ukarani wa hesabu katika kijiji kimoja juu kidogo ya Karatu, upande unaotazamana na mlima Oldeani. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa, na kijiji ndicho kilichoendesha kila kitu: duka, mashine ya kusaga, na trekta. Trekta ndilo lililotupa jina. Mkulima alilipa kwa ekari, dereva akamlimia, na fedha ikaingia katika sanduku la chuma pale ofisini.

Ufunguo wa sanduku lile aliushika mweka hazina, mama mjane wa makamo aliyesoma darasa la nne tu. Alihesabu noti mara mbili, kisha akanipa mimi nizihesabu mara ya tatu, na hakukasirika nilipofanya hivyo kwa haraka huku nikitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimetoka Moshi, kwenye kozi ya miezi sita ya utunzaji wa vitabu. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, na nilipenda watu wazione.

Mwaka ule mwenyekiti wa kijiji alitaka trekta la pili. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kijiji chake kitajwe wilayani. Benki ilisema itakopesha kama hesabu zetu zingeonyesha ziada ya kutosha, nasi tukaambiwa tuweke malipo ya kwanza kutoka mifukoni mwetu. Trekta letu moja lilikuwa likijilipia dizeli, matairi na mshahara wa dereva, na kubakiza kidogo. Hicho kidogo hakikuwa ziada ya kumwonyesha mtu wa benki.

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Watu walikuwa wameuza ngano na maharage, walikuwa na fedha mkononi. Nikasema tuwaombe walipie mapema kulimiwa kwa msimu unaokuja, nasi tuwapunguzie bei kidogo. Mwenyekiti alinishika bega mbele ya kamati nzima. Nilipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha stakabadhi.

Kwa mzee mmoja nilikwenda mara tatu. Alikuwa Mmaasai aliyeoa kwetu. Alikuwa ameishi juu kule, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, akichunga na kulima kidogo, mpaka kilimo kilipopigwa marufuku huko. Ndipo akashuka na mke wake na binti zake, akapewa ekari nne kijijini. Jioni alikuja kwenye darasa la watu wazima nililofundisha, akafuatisha herufi nilizotamka kwa sauti nzito, na ingawa alimzidi baba yangu umri, aliniita mwalimu. Hakuwa na fedha taslimu. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia.

"Mwalimu," aliniambia, "nikiwauza hawa, nitalima na nini?"

"Utalimiwa na trekta, Mzee. Maksai ni mambo ya zamani. Ekari zako nne zitamalizika kabla hujanywa chai."

"Na trekta lisipokuja?"

"Stakabadhi hii hapa. Imegongwa muhuri."

Aliwauza mnadani wiki iliyofuata. Nilimwandikia stakabadhi kwa wino wa bluu, naye akaisoma neno kwa neno mbele yangu, akifurahi kwamba anaweza.

Mwisho wa mwaka nilifunga vitabu. Hapa sina pa kujificha, kwa sababu nilijua ninachofanya. Mwalimu wetu wa Moshi alitupa mfano wa fundi cherehani aliyepokea fedha ya koti ambalo bado hajalikata. Alisema fedha ile, hata ikiwa mfukoni mwa fundi, ni deni; inakuwa pato lake siku mteja atakapochukua koti lake. Tulilijibu swali hilo kwenye mtihani na mimi nilipata alama zote. Sasa nilikaa na leja mbele yangu, nikachukua malipo yote ya ekari ambazo hazijaguswa, nikayaandika kwenye mapato ya mwaka unaokwisha. Safu ya ziada ilipanda ghafla. Niliitazama kwa furaha, kana kwamba nimeifanyia kazi.

Mweka hazina aliliona jambo hilo. Kamati ilipokutana kupitia hesabu, aliinua mkono.

"Kijana wangu, hizi fedha za kulima mwezi wa pili umeziweka wapi?"

"Kwenye mapato, Mama."

"Lakini hatujalima."

"Fedha imeingia sandukuni, haikuingia?"

"Imeingia."

"Basi ni mapato."

Alitafuta kwanza maneno ya Kiswahili. "Mimi naona kama tumewashikia tu watu fedha zao. Tukizitumia, nao wakaja..."

"Mama," nikamkata, "ungekuwa umepita kozi tungebishana. Wewe kazi yako ni ufunguo."

Kamati ikacheka. Mwenyekiti akacheka zaidi ya wote. Yule mama alitazama mikono yake iliyokuwa mezani, akaishusha mapajani. Nimesahau mengi ya miaka ile, lakini mikono ile sijaisahau.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipiga makofi. Kila kaya iligawiwa kidogo kutoka kwenye ziada, sehemu kubwa ikapelekwa Arusha kama malipo ya kwanza ya trekta la pili, na mimi nikapewa redio aina ya Mkulima kwa utumishi bora. Sandukuni ikabaki fedha ya kununua dizeli ya wiki mbili.

Mwezi wa kwanza giaboksi la trekta la zamani likavunjika. Vipuri havikuwepo Arusha, na hata vingekuwepo hatukuwa na fedha ya kuvinunua. Trekta jipya lilifika likiwa limevalishwa matawi mbele, likapigiwa vigelegele, likalima siku chache, likasimama. Ilikuwa baada ya vita vya Uganda na dizeli ilikuwa adimu nchi nzima. Magari yalipanga foleni kwenye vituo kutwa nzima na kurudi tupu. Iliyopatikana kwa mlango wa nyuma ilikuwa na bei ambayo sanduku letu halikuiweza. Trekta jipya likabaki mbele ya ofisi, watoto wakilipanda. Wakulima waliokuwa na maksai walilima. Waliolipa mapema wakaanza kuja ofisini, mmoja mmoja, kisha makundi.

Yule mzee alikuja peke yake, kiganja chake kimefungwa kitambaa. Yeye, mkewe na binti zao walikuwa wakilima kwa jembe la mkono tangu mvua ya kwanza, na ekari moja ilikuwa bado haijaisha. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaketi, akaiweka stakabadhi mezani.

"Mwalimu, nataka kuona ekari zangu nne zimeandikwa wapi."

Sikuweza kumkatalia. Nilifungua leja, nikaweka kidole kwenye mstari wake. Akainama, akasoma taratibu kama nilivyomfundisha, mpaka akafika juu ya safu.

"Ma-pa-to. Mapato ni nini?"

"Ni fedha ambayo imeshakuwa ya kijiji, Mzee."

"Imeshakuwa yenu?"

"Ndiyo."

"Kwa kazi gani?"

Alisubiri. Alikuwa mtu wa subira na hakuwa akinitega. Alidhani kweli kwamba kuna jibu na kwamba mwalimu wake atamfundisha. Nilipofunga leja aliikunja stakabadhi yake, akainuka na kwenda zake shambani.

Habari zilifika Mbulu, makao makuu ya wilaya yetu wakati ule, na mkaguzi wa hesabu akatumwa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Alikaa na vitabu vyangu siku mbili. Kijijini watu hawakuzungumza juu ya leja. Walizungumza juu ya sanduku. Sanduku lilikuwa tupu, ufunguo ulikuwa kwa yule mama, kwa hiyo fedha ameila yeye. Maneno hayo yalianza kisimani, yakaingia kanisani, na siku ya mkutano yalikuwa yameshakuwa ukweli.

Walimsimamisha mbele. Mtu mmoja alipaza sauti, "Nyumba yako umeiezeka bati kwa fedha ya nani?" Bati lile mume wake alilinunua kabla hajafa, na wengi waliokuwa pale walimsaidia kulipandisha.

"Sikula," alisema. Alirudia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kisha tena kwa Kiswahili. "Sikula fedha ya mtu. Kila iliyotoka, ilitoka kwa karatasi."

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Ndugu karani, una la kuongeza?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa yule mama. Ningesema maneno machache tu: kwamba fedha haikuliwa, kwamba tuliigawana na kuinunulia trekta kwa sababu mimi niliandika ni ya kwetu wakati ilikuwa ya watu. Nilimwona yule mama ananitazama. Hakunitazama kwa kuomba, bali kama mtu anayengoja mwenzake amalizie hesabu waliyoanza pamoja.

"Sina, ndugu mkaguzi," nikasema.

Yule mama aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akatoka katikati ya watu.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilipanda basi la Mbulu, nikamkuta mkaguzi ofisini kwake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliiona siku ya kwanza," alisema. "Nilikuuliza mbele ya watu ili uiseme wewe."

"Mbona hukuisema wewe?"

"Taarifa yangu inasema. Lakini taarifa inasomwa na watu watano. Yule mama anaishi na watu wote."

Alinirudisha kijijini na barua ya kuitisha mkutano mwingine. Nilisimama pale aliposimamishwa yule mama, nikasema yote. Hakuna aliyenizomea. Mwenyekiti alijiuzulu kabla ya mwezi kwisha. Mimi sikufukuzwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuandika vitabu, nikakatwa nusu ya mshahara mpaka, kama alivyosema mjumbe mmoja wa kamati, nitakapokuwa nimelipa toba yangu. Mweka hazina aliombwa arudi. Alikataa.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa uji, akaniuliza hali ya mama yangu. Nilipoanza kusema nilichokuja kusema, alisimama na kwenda kumfungulia ndama. Nilingoja. Aliporudi alizungumza juu ya mvua. Nilijaribu tena mwaka uliofuata, na mwingine, na kila mara alinipa uji.

Trekta jipya tuliliuza kwa hasara na kumaliza deni la benki. La zamani tulilitengeneza, na kwa misimu miwili lililima ekari za waliolipa mapema kabla ya kupokea hata senti ya mtu mwingine. Nilifungua ukurasa mpya kwenye leja, nikauita Kazi Tunayodaiwa. Kila malipo ya mapema yaliingia huko, na yalihamia kwenye mapato siku dereva aliporudi na karatasi iliyotiwa saini au dole gumba na mwenye shamba. Mwaka wa kwanza hesabu zetu zilikuwa nyembamba kiasi cha kutia aibu. Tulianza kutenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya vipuri. Miaka minne ilipita kabla ya mtu kuthubutu kutaja tena trekta la pili, na lilipokuja lilikuwa kuukuu na limelipiwa lote.

Yule mzee hakungoja. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshapata maksai mmoja kwa shemeji yake na kumkodi wa pili, naye akamwambia dereva ekari nne alizolipia akamlimie jirani mwenye watoto wengi. Darasani hakurudi. Tulipokutana njiani nilimwamkia, naye aliitikia vizuri kabisa, lakini hakuniita tena mwalimu.

Katikati ya miaka ya themanini kampuni moja ya kusafirisha watalii ilitafuta mhasibu. Mwenyekiti mpya aliniandikia barua ya utambulisho. Aliandika kwamba mimi ni mtu mwaminifu, niliyesema ukweli mbele ya kijiji kizima bila kushurutishwa. Niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi. Zile siku tisa hazikutajwa. Nilijua kwamba ningeweza kurudi kumwomba airekebishe. Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Basi likaja, nikapanda. Kazi niliipata kwa barua ile.