Kisiwa cha Babu

Karani wetu wa takwimu huvaa taji la maua, na akisoma jedwali hupitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta polepole, kama anayepapasa nywele za mtoto aliyelala. Jana alikuwa akijifunza kugawa matangi ya maji visiwani kwa idadi ya watu, kompyuta ikayapeleka karibu yote kisiwa cha mbali cha Nukulaelae. "Hesabu imekubali, dada," akasema mwalimu wake, Penieli. "Kule wamebaki wazee na nguruwe, mwalimu. Tuliwauliza watu kisiwa chao, na sisi tunaoishi hapa Funafuti tukataja cha babu zetu." "Nani kajaza hivyo?" Kidole kikateremka taratibu hadi kwenye jina lake mwenyewe, kikatulia. Akafuta Nukulaelae, akaandika Funafuti, kisha akanong'ona, "Babu, niwie radhi. Ni maji tu."