Mguu Uliopona Mapema Mno

Nilisoma hadi darasa la nne nikatolewa nikalime, kwa hiyo atakayeona mstari umepinda asome hivyo hivyo. Shamba letu huku Mgeta nalo limepinda. Limeinama kama paa la nyumba. Kabichi ikikuponyoka juu, unaikuta bondeni. Siku moja iliyoponyoka haikuwa kabichi, nilikuwa mimi.

Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Wakanibeba kwa machela ya miti hadi barabarani, wakanipandisha mbele kwenye lori la mboga. Karoti ziliendelea na safari yake Dar, mimi nikashushwa Morogoro hospitalini. Huko wakanifunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu kama ukuta, na kuniambia nitulie. Watu wa hospitali hawanijui.

Mjukuu wangu alipopata habari alipanda ndege. Huyu nimemlea mimi tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Ameolewa nchi ya baridi, na mwanamume wa huko huko. Akaja kunipikia, kunisuka, kunimwagia maji ya kuoga. Wapo wanawake hapa kijijini wenye wajukuu Bigwa, pale chini tu mlima unapoanzia, na hawajaletewa hata salamu. Nilihakikisha wote wamejua wangu katokea wapi.

Hogo lilikatwa mwezi wa nne tangu nianguke. Daktari akaniambia tembea, nikatembea. Jioni ile, tulivyorudi nyumbani, nikamwona mjukuu wangu anaangalia siku za ndege kwenye simu. Hapo mguu ukaanza kuuma tena, ingawa wenyewe haukuwa na habari.

Nilichechemea miezi miwili na ushee. Kazi ya kuchechemea si ndogo, inataka kumbukumbu. Asubuhi moja nilijisahau, na jirani yangu muuza njegere akaniita pembeni.

"Shoga, uliovunjika si ule mwingine?"

"Umeuambukiza na huu," nikamwambia.

Mjukuu wangu aliahirisha safari mara ya kwanza, akaahirisha ya pili. Alipoondoka mwishowe niliungama kwa padre. Alinipa Salamu Maria tano, nikazimaliza kabla sijafika kwenye ngazi za kanisa. Nikajua yamekwisha.

Mwaka uliofuata simu ikaita. Alikuwa mume wa mjukuu wangu, na Kiswahili chake kinachotembea polepole kama mtu anayepita kwenye tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekumbuka mke mkubwa leo?"

Siku nyingine hucheka. Siku hiyo hakucheka. Akanieleza kwamba mke wake anaishi kule kwa sababu ya ndoa, na sasa anaomba ukaazi wa kudumu, yaani karatasi ya kukaa bila kuomba tena. Lakini wenye ofisi wanahesabu siku alizolala nje ya nchi yao. Akizidisha nusu mwaka ndani ya mwaka mmoja, miaka yote aliyokwisha kuikaa inafutwa, anaanza upya. Labda awe na sababu nzito, na ushahidi wake.

Nikasema huo ni upuuzi. Mke anahesabiwa siku za kulala kwa mumewe? Kwetu Waluguru mwanamume ndiye aliyekuwa anahamia kwa mke, na haombwi karatasi, anaonyeshwa jembe.

Nilipokata simu nikamkumbuka mama yangu. Mume wangu alipohamia kwetu, mama hakumkatalia kwenda kwao kusalimia. Ila akirudi anakuta mama kakaa mlangoni, anauliza, "Huyu anaishi hapa, au anapita?" Mwaka mmoja alikwenda kumsaidia mama yake mavuno akapitiliza. Mama akasema lile shamba alilotulimia mwanzo halipo tena kwenye hesabu, alime lingine. Akalima. Na mimi binti wa nyumba niliona mama kafanya haki kabisa.

Kwa hiyo sheria naijua. Sikujua tu kwamba imevuka bahari.

Baada ya siku mbili akapiga mjukuu mwenyewe.

"Bibi, cheti cha hospitali kinasema hogo lilitoka mwezi wa nne. Miezi miwili iliyobaki haina karatasi. Niandikie barua, useme ulikuwa bado unaumwa."

"Sikuwa naumwa."

"Bibi."

"Nilikuwa mzima. Nilichechemea ili usiondoke."

 Nikadhani mtandao umekatika, mawingu yakishuka huku hukatika. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikuona unamkimbiza mbuzi alipoingia kwenye njegere. Ulimpita."

"Sasa mbona hukuondoka?"

"Na wewe mbona hukusema umepona?"

 Nikamwambia barua nitaiandika, lakini nitaandika kilichotokea, kwa sababu uongo wangu nilikwisha kuulipia kanisani na siwezi kuukopa tena. Aliniomba nifikirie. Nilifikiria nikiwa nachambua karoti, nikaandika hivi: mguu ulipona siku iliyoandikwa na daktari. Siku zilizozidi nimezichukua mimi kwa hila. Mkitaka kumhesabia mtu, nihesabieni mimi, sina ninachowaomba. Jirani akaipiga picha barua, ikaenda.

Majibu yalichukua muda. Wenye ofisi walishukuru kwa maelezo yangu ya wazi. Siku za hogo walizielewa, siku za hila hawakuzielewa, na mjukuu wangu alitakiwa kuanza upya. Miaka mitano. Nilimwibia miezi miwili. Sasa haji hata kwa wiki tatu, anaogopa kuzigusa siku zake.

Masika haya mguu wa kushoto umeanza kuuma. Kweli, safari hii. Nikishuka kwenye matuta nashikilia migomba. Jumapili jirani alinishikia simu ile ya kuonana, mjukuu akasema, "Hebu tembea, bibi, nikuone."

Nikatembea kutoka mlangoni hadi jiko la nje na kurudi, mgongo umenyooka kama mwali. Jirani aliutazama mguu wangu kwa juu ya simu, si kwenye kioo chake.

"Vizuri," akasema mjukuu. "Sasa mkimbize mbuzi."

"Mbuzi tulimla Pasaka."

Mbuzi, mnyama asiye na adabu, akalia nyuma ya nyumba.

 Mjukuu wangu akaniuliza kama karoti zimeota vizuri mwaka huu. Nikamwambia zimeota.