Kiti Kilichobaki Bunia

Tuliisikia kabla hatujaiona: mngurumo mzito nyuma ya mawingu, kama kinu cha mihogo kilichokwama. Miaka ile ya vita, Bunia nzima ilitambua ndege kwa sauti. Hiyo ilikuwa ya mizigo. Ile ndogo yenye viti ilikuwa imeshatua, na abiria wake walikuwa wamepanga foleni mbele ya mzani, mimi nikimsindikiza mama mdogo.

Tikiti yake ilikuwa ya hiyo yenye viti. Mimi ndiye niliyemshawishi. Barabara ya Beni, alikokuwa anahamia, ilishikwa na wenye bunduki, kwa hiyo wiki nzima nilimsifia ndege: mkanda, dirisha, jusi na biskuti, heshima ya kusafiri kama mtu na si kama gunia. Yeye aliuliza jambo moja tu, mashine yake ya kushona itakaa wapi. Alikuwa ameitoa kijijini Marabo kichwani, akikimbia vita kwa miguu, akaacha sufuria na godoro. Huko Beni hakuwa na ndugu. Mashine ndiyo ingemlisha.

Mzigo ulioruhusiwa ulikuwa mdogo. Akavaa nguo zake zote, vitenge vinne na sweta mbili, ili mfuko ubaki na mashine peke yake. Hatukujua kwamba ndege ndogo humpima mtu pamoja na mzigo wake. Alipopanda mzani, foleni ilicheka. Mmoja akamuuliza kama ana mimba ya duka zima.

Karani hakucheka. "Mama, ii mashini ibaki, ao weye unabaki."

Nilimnong'oneza aniachie, nitaituma baadaye. Yeye akamgeukia karani.

"Kiti ndiyo itabaki," alimwambia, akashuka mzani.

Alivuka majani ya uwanja hadi kwenye ndege ya mizigo, iliyokuwa imeshatua. Kule hawakupima mtu. Alivua vitenge viwili vya juu, vipya, vikawa nauli.

Leo wenzangu wakibishana kama inafaa kulipia zaidi kwa ajili ya chakula na tabasamu angani, mimi huuliza kwanza wamebeba nini.

Nilimpandishia mashine. Aliketi juu ya magunia ya maharage, bila mkanda, akaibana kwa magoti.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Miye niko sawa."

Nilishuka. Nyuma yangu wapakiaji wakavuta mlango, ukafungwa.