Rangi za Paskazia zaingia darasani

Jua halijatulia juu ya mawe ya mtaa wa Igogo, kando ya ziwa, na printa ya Paskazia Masele tayari inanguruma. Amesimama mbele yake, mikono kiunoni, kama mpishi anayesubiri maji ya ugali yachemke. Karatasi ya kwanza inatoka. Anaishika kwa ncha za vidole na kuipeleka mlangoni, kwenye mwanga.

"Bluu ni bluu, kijani ni kijani," anasema na kutabasamu. "Leo huyu bwana hajanisumbua."

Bwana anayetajwa ni printa. Na kilichochapwa si kadi ya harusi wala mtihani wa majaribio. Ni programu ya kompyuta, mistari ya maagizo ambayo mashine huyafuata. Amri zimetoka kwa bluu, maneno yatakayoonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa nyekundu, na maelezo ya mtunzi kwa kijani.

"Kijani ni maneno ya binadamu kwa binadamu mwenzake," anafafanua. "Mashine inayapita tu, haina habari nayo."

Kazi hii hakuisomea. Paskazia, mwenye umri wa miaka 51, alianza na taipureta katika ofisi moja ya mjini, na sifa yake ilikuwa moja: pambizo zake zilinyooka. Barua ikitoka mikononi mwake ilikuwa imepigwa pasi. Alipofungua steshenari yake Igogo, alihamia na sifa hiyo.

Sifa hiyohiyo ndiyo iliyomponza siku mwanafunzi wa chuo, Abubakary, alipomletea programu yake kwenye flashi. Paskazia aliifungua akaguna. Mistari mingine ilianzia pembeni, mingine ilisukumwa ndani, mingine ndani zaidi.

"Nilimhurumia," anasimulia huku akijifuta macho kwa kicheko. "Nikasema, mtoto wa watu amefika chuo na hajui kupanga mistari! Nikaivuta yote kushoto, nikainyoosha huku na huku, nikamfungia kitabu kizuri. Hata hela ya kunyoosha sikumdai."

Kumbe kule kusukumwa ndani ndiko kunakoonyesha agizo lipi liko chini ya agizo lipi. Ukiivuta mistari yote kushoto, programu haina kichwa wala miguu. Abubakary alirudi kutoka kwa mwalimu wake uso umemvimba.

"Mama, umeinyoosha mpaka imekufa," alimwambia.

Paskazia aliomba radhi na kumchapia upya bure. Kijana naye, hasira zilipopoa, akamwekea kwenye kompyuta programu inayolichukua faili la mwanafunzi kama lilivyo, nafasi zake zote, na kulipaka rangi kabla ya kulichapa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wahenga walisema, na huyu nusu yake ya shari ilimletea riziki. Habari zilienea chuoni. Paskazia alikopa kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, akanunua printa ya rangi, na kwa shilingi mia tano kwa ukurasa hakukosa wateja.

Kisha vyuo vikaanza kupokea kazi kwa mtandao. Wateja wakapukutika. Printa ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa kama mgonjwa. Dada yake, Rebeka, anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, akamtafutia mnunuzi wa printa na nafasi kando ya meza yake.

"Dagaa hawahitaji wino," ndivyo Rebeka anavyopenda kumwambia.

Mnunuzi anataka jibu leo jioni. Na leo hii ndipo Mwalimu Shigela Ngosha, anayefundisha kompyuta katika sekondari moja upande wa Kisesa, atakapojaribu vijitabu vya Paskazia darasani. Kompyuta za shule ni chache na nyingine zimekufa. Wanafunzi hujazana mbele, na wa nyuma huambulia kuona visogo vya wenzao. Mwalimu akawaza: kwa nini kila mtoto asiwe na programu yake mkononi, kwenye karatasi? Mkuu wa shule amekubali jaribio la kipindi kimoja. Wakielewa, shule itaagiza vijitabu vya mwaka mzima.

"Wasipoelewa, printa inaondoka," anasema Paskazia akifunga mzigo. "Sitajifanya shujaa. Nitalia."

Darasani, wanafunzi wanasimama kwa pamoja. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Anajibanza dawati la nyuma. Vijitabu vinagawiwa, kurasa zinafunguliwa, na mambo yanakwenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho. Hapo minong'ono inaanza. Mwalimu Shigela anaugeuza ukurasa, anaurudia. Kuanzia katikati hadi chini, kila mstari ni kijani kitupu.

Paskazia anainuka kidogo kuchungulia. Asubuhi aliuona ukurasa huo. "Nilidhani mwalimu ana mengi ya kueleza," ananong'ona.

Msichana wa kidato cha pili, Queen, ananyoosha mkono. Naye ni wa nyuma, wa kuona visogo.

"Mwalimu, kijani imezidi. Maelezo yako hayakufungwa. Hizi amri zote za chini mashine itazipita, itadhani bado unatueleza."

"Wapi?" anauliza Mwalimu Shigela.

"Hapa, mstari wa juu. Ulipoanzia kijani, hakuna alama ya kumalizia."

Darasa zima linainama juu ya karatasi. Wengine wanabisha, wengine wanapiga madawati. Mwalimu anakuna kichwa, kisha anaangua kicheko. "Kweli kabisa! Nimesahau mimi. Mama Paskazia kachapa nilichompa."

Baada ya hapo hakuna wa kuwazuia. Kila mmoja anasaka kosa jingine, hata pasipo na kosa. Mkuu wa shule, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini, anamkuta Queen akiwaonyesha wenzake kwa kidole. Anaketi dawati la mbele na kuomba kijitabu chake. Anapotoka, anamwambia Paskazia maneno machache tu: "Mama, anza kuchapa vya mwaka."

Nje, Paskazia anampigia dada yake simu. "Rebeka, huyo mtu wako mwambie atafute printa kwingine." Kicheko cha Rebeka kinasikika hata kwa aliyesimama mbali.

Sasa anapanga kuzifikia shule za kandokando ya ziwa hadi Ukerewe, kwani kompyuta chache si shida ya Kisesa peke yake. Lakini agizo la kwanza la shule limemwacha mdomo wazi. Wanafunzi wameomba kwamba kila kijitabu kiwe na ukurasa mmoja ulioharibika makusudi, ili walisake kosa wenyewe.

"Tangu enzi za taipureta nimekuwa nikiyafukuza makosa," anasema, akizishika karatasi alizorudishiwa, zimejaa alama za vidole vya watoto. "Leo wanangu wanayaomba. Basi nitawachapia, tena kwa rangi, na sitanyoosha hata mstari mmoja."